Duke aliyezikwa Nyeri: ni kweli mama yake nusura awe malkia wa Uingereza?

Vitunguu Mang'ola

Wakuu, habari za humu. Mimi nafanya biashara ya vitunguu, natoa Mang'ola, navukisha Namanga, nashusha soko la Karatina. Safari hii gari limeniharibikia Nyeri, na wakati fundi anahangaika nalo dalali wangu akanichukua kuona kanisa la Waitaliano kule Mathari. Ndani kuna majina ya askari wa Italia waliofia Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kuna kaburi la mkubwa wao, Amedeo, Duke wa Aosta. Mzee mmoja tuliyemkuta pale akatuambia mama wa huyo Duke alikuwa mchumba wa mfalme wa Uingereza, dini ikawatenganisha, ndipo akaolewa Italia.

Naomba wajuzi mnisaidie. Ni kweli, au ndiyo zile stori za kumchangamsha mgeni? Na kama ni kweli, mfalme gani, na nani hasa alivunja posa?

Kijana wa Karatina

Karibu kwetu bro, pole na gari. Kuhusu Duke mwenyewe naweza kukujibu: ndiye alikuwa mtawala wa Mussolini kule Ethiopia kuanzia 1937. Waingereza walimzingira mlimani Amba Alagi, akasalimu amri Mei 1941, akaletwa Kenya kama mfungwa wa vita. Akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942, malaria na kifua kikuu pamoja. Alitaka azikwe na askari wake, ndiyo maana yuko hapa kwetu na si Italia.

Hayo ya mamake sijui. Ngojea Mama Ubani aingie, hizo ndizo story zake.

Mama Ubani

Nimeingia. Mwanangu wa Mang'ola, mzee hakukudanganya, ila alimpandisha mtu cheo. Mwanamume mwenyewe hakuwa mfalme na hakujaaliwa kuwa. Ni Albert Victor, nyumbani kwao wakimwita Eddy, mjukuu wa Malkia Victoria na mtoto wa kwanza wa yule aliyekuja kuwa Edward wa 7. Baba akiondoka, kiti ni chake. Na binti ni Hélène wa Orléans, kazaliwa Twickenham mwaka 1871. Baba yake alikuwa Comte de Paris, mtu anayedai ufalme wa Ufaransa huku Ufaransa yenyewe haimtaki. Walifukuzwa tena mwaka 1886, wakarudi kujibanza Uingereza, na huko ndiko vijana walikoonana.

Mimi hapa Tanga watu hunituma kupeleka posa, basi habari za hawa wakubwa nazisoma kwa jicho hilo hilo. Kabla sijavaa baibui kwenda kwa watu, nauliza kwanza: nyumba ile neno la mwisho ni la nani? La baba? La bibi mzaa baba? La kaka aliyeko Maskati anayetuma pesa? Usipolijua hilo utakunywa chai ya watu bure. Victoria alijiona mshenga mkuu wa Ulaya nzima, wajukuu kawajaza kila ikulu, na kwa Eddy hilo swali alilikosea mara mbili mfululizo.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa Alix wa Hesse, dola ndogo ya Ujerumani, binti wa shangazi yake Eddy. Alix alifiwa na mama yake kwa dondakoo mwaka 1878, ana miaka 6 tu, na bibi huyu wa Uingereza ndiye aliyemsimamia malezi kwa barua na kwa kumwita likizo. Kwa hiyo bibi aliona kazi imekwisha: mtoto nimemlea mwenyewe, mjukuu mwingine namtafutia mke, nini tena? Binti akasema hapana. Akabembelezwa mwaka 1889, hapana. Mwaka 1890 akamaliza kabisa. Alisema wakimlazimisha ataolewa, lakini yeye atakosa raha na mume atakosa raha. Victoria akamwandikia bintiye mkubwa kule Ujerumani akilalamika kwamba mtoto amekataa cheo kikubwa kuliko vyote duniani, na katika barua hiyo hiyo akamsifu kwa kuwa na msimamo wakati ukoo mzima unamsukuma. Naipenda barua ile. Kanuna na kajivuna kwa wakati mmoja.

Alix alikuwa na lake moyoni. Mwaka 1884, ana miaka 12, alikwenda Urusi kwenye harusi ya dada yake Ella, akamwona Nicholas, mrithi wa mfalme wa Urusi, kijana wa miaka 16. Walipendana tangu utoto ule. Nicholas na Eddy, kumbukeni, mama zao ni mtu na dada yake, mabinti wa mfalme wa Denmark, kwa hiyo kwa hesabu yetu hao ni ndugu kabisa.

Sasa Hélène. Mei 1890 Victoria alishamwonya Eddy kwa barua: huyo ni Mkatoliki, usijisumbue. Agosti, Eddy yuko Uskoti kwa dada yake Louise, Mar Lodge, na Hélène yuko pale pale. Dada mtu na mama mtu walikuwa upande wa mapenzi, hawakuficha. Vijana wakaahidiana, kisha wakapandishwa gari la farasi wakaenda Balmoral kumkabili bibi uso kwa uso. Ulikuwa ujanja mtupu, na ulifanya kazi. Bibi aliyekataa kwa kalamu akalainika alipowaona wamesimama mbele yake wawili, binti anasema yuko tayari kuingia Kanisa la Anglikana kwa ajili ya mchumba wake.

Akaingia Waziri Mkuu Salisbury na sheria mkononi. Sheria ya mwaka 1701 inasema anayeoa Mkatoliki amepoteza kiti. (Salisbury huyu huyu ndiye ambaye mwezi mmoja tu nyuma, Julai 1890, alikuwa anapatana na Wajerumani, wao wanachukua kisiwa cha Heligoland na Zanzibar inawekwa chini ya Uingereza. Kaimaliza Unguja, kaingia kwenye posa.) Eddy akasema basi, kiti nakiacha. Hapo hapakuwa na kizuizi tena upande wa mwanamume: bibi kakubali, sheria ina njia yake, bwana harusi yuko tayari kulipa gharama.

Aliyevunja ni baba wa binti. Comte de Paris alisema mwanawe habadili dini, basi. Mtu hana ufalme, hana nchi, hana hata ruhusa ya kulala Paris, lakini neno la mwisho katika nyumba ile lilikuwa lake. Na ukimwangalia kwa haki, angefanya nini? Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa jina la wafalme Wakatoliki wa Ufaransa. Akimtoa binti kanisani, hata wafuasi wachache aliobaki nao wanamkimbia. Hélène akaenda mwenyewe kwa Papa Leo wa 13 kuomba. Papa akasimama na baba mtu. Mwaka 1891 mambo yakawa yamekwisha.

Juni 1895 Hélène akaolewa Kingston, kando ya mto Thames, na Emanuele Filiberto, Duke wa Aosta, Mkatoliki mwenzake. Amedeo ndiye mtoto wao wa kwanza, kazaliwa Torino Oktoba 1898. Huyo ndiye uliyesimama kaburini kwake.

Vitunguu Mang'ola

Mama Ubani shikamoo, na asante sana. Nimesoma nimekaa kwenye benchi la gereji mpaka fundi ananiuliza nacheka nini. Sasa Eddy ikawaje? Alibaki bila mke?

Fundi Saa

Mama Ubani unasimulia vizuri ila umetia mahaba mengi. Haya yalikuwa mambo ya dola. Mfalme anaoa mahali jeshi lake linapohitaji rafiki. Hao vijana walikuwa karata tu mikononi mwa wazee, hakuna aliyewauliza.

Mama Ubani

Marahaba mwanangu. Nikujibu wewe kwanza, kisha Fundi Saa.

Eddy alitafutiwa mke haraka haraka kabla hajapenda pengine tena. Akapatikana May wa Teck. Huyu kwa masharti ya nyumba za Ujerumani hakutosha, maana baba yake alizaliwa na mama aliyeolewa bila usawa: mke wa namna hiyo hapewi cheo cha mume na watoto hawarithi. Juu ya hayo wazazi wa May walikuwa na madeni, waliwahi kukimbilia Florence kujinusuru na wadai. Lakini Victoria hakuwa na kiburi cha damu kama Wajerumani, hilo lazima nimpe. Alimwita May Balmoral vuli ya mwaka 1891 akae siku 10, amtazame anavyokula, anavyosema, anavyonyamaza. Akafaulu. Tarehe 3 Desemba Eddy akamposa kwenye dansi huko Luton Hoo. Harusi ikapangwa tarehe 27 Februari 1892.

Januari Eddy akashikwa na ile homa ya mafua iliyokuwa inazunguka dunia, ikashuka kifuani ikawa nimonia. Tarehe 14 Januari akafa Sandringham, siku 6 tu baada ya kutimiza miaka 28. Shada la maua ya mchungwa ambalo May angelishika harusini likawekwa juu ya jeneza.

Wazee hawakutaka kumpoteza mkwe waliyekwisha kumkagua. Akatazamwa mdogo wake Eddy, George. Naye alikuwa ametoka kukataliwa: alimtaka Marie, binti wa baba yake mdogo, baba zao wakaafiki, lakini mama wa Marie alikuwa Mrusi, binti wa Tsar, yaani mfalme wa Urusi, na Uingereza ilikuwa imemchosha mpaka kooni. Januari 1893 Marie akaozwa kwa mrithi wa Romania, ambaye naye alikuwa kanyang'anywa mpenzi wake, Elena Văcărescu, kwa kuwa mrithi hakutakiwa kuoa binti wa nchini. Kwa hiyo Mei 1893 mnao George na May, wote wawili wamepoteza, wameketi kwa dada mtu Louise hawana la kusema. Ni Louise tena, yule yule wa Mar Lodge! Akamwambia kaka yake: kwa nini usimchukue May bustanini ukamwonyeshe vyura kwenye bwawa? Wakaenda kwenye vyura, wakarudi wachumba. Julai wakaoana. Na ndoa hiyo ikadumu mpaka kifo, George wa 5 na Malkia Mary.

Fundi Saa, sasa wewe. Unasema hakuna aliyeulizwa. Alix aliulizwa na jibu lake likaheshimiwa, sote tumeona. Na ngoja nikupe jingine. Januari hiyo hiyo ya 1892 aliyokufa Eddy, Nicholas wa Urusi aliandika katika shajara yake kwamba mama yake ameanza kumgusia Hélène. Ndiyo, Hélène huyu huyu! Anaandika kwamba amefika njia panda, yeye anataka njia moja na mama yake dhahiri anataka nyingine. Wazee wa Urusi walipoona hilo halisogei wakamtaja Margaret wa Prussia, mdogo wake Kaiser Wilhelm wa 2, mfalme wa Ujerumani. Binti huyo kabla ya hapo alikwisha kutajwa kwa Eddy. Nicholas akasema heri awe mtawa. Hebu tazama: wavulana wawili, ndugu, wanazungukwa na majina matatu yale yale, Alix, Hélène, Margaret. Kama wangekuwa karata kama unavyosema, wazee wangezigawa wakamaliza jioni moja.

Kilichowashinda ni kwamba kila nyumba neno la mwisho lilikaa kwa mtu tofauti. Darmstadt, nyumbani kwa kina Alix, lilikaa kwa binti mwenyewe, maana mama hayupo na baba hakumbana. Kwa Orléans lilikaa kwa baba, hata binti aseme ndiyo mara ngapi. Kwa Marie lilikaa kwa mama. Na Urusi lilikaa kwa Tsar Alexander wa 3, aliyemkataa Alix miaka yote mpaka afya ilipoanza kumtupa mkono ndipo akamwachia mwanawe.

Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono Mama Ubani. Niongeze ile hapana ya Alix ilivyobeba mambo. Alix alikuwa na himofilia katika damu yake, ule ugonjwa wa damu kutoganda, ingawa mwenyewe haukumuumiza. Mwanamke hubeba, mtoto wa kiume huugua. Kaka yake Friedrich alianguka dirishani mwaka 1873 akafa kwa kuvuja damu, na mjomba wao Leopold alikufa mwaka 1884. Angeolewa na Eddy, ugonjwa ungeweza kurudi katika kiti cha Uingereza. Badala yake ulikwenda Urusi, mtoto wao Alexei akazaliwa nao mwaka 1904, na Rasputin, yule mtu wa dini aliyesemekana kumponya mtoto, akapata mlango wa kuingilia ikulu.

Mama Ubani

Ahsante Mwalimu. Ila tusifike kusema damu ya mtoto ndiyo iliyoleta mapinduzi ya Urusi ya 1917. Njaa na vita vilitosha.

Alix mwenyewe karibu amkatae hata Nicholas, na sababu ni ile ile dini. Aprili 1894 ukoo mzima ulikusanyika Coburg, Ujerumani, kwenye harusi ya kaka yake. Nicholas akaposa, binti akalia saa nzima na zaidi akisema hawezi kuuacha Ulutheri. Dada yake Ella, ambaye alishaingia Orthodoksi kwa hiari mwaka 1891, akakaa naye. Kaiser naye akajitia kushawishi. Siku ya pili ya harusi, tarehe 20, akakubali. Novemba Tsar mzee akafa, na kabla mwezi haujaisha wakafunga ndoa, ikulu nzima ingali msibani.

Na ile harusi iliyowakusanya nayo ilikuwa msiba wa aina yake. Bibi harusi, Victoria Melita, mdogo wake yule Marie wa Romania, alimpenda Kirill wa Urusi, mtoto wa mjomba wake, na Orthodoksi haikubali ndoa ya mtu na binamu yake wa kwanza. Malkia Victoria akamwoza kwa binamu mwingine, kaka yake Alix. Wakaachana mwaka 1901. Mwaka 1905 akaolewa na Kirill wake, na Tsar akamvua Kirill vyeo kwa hasira. Tsar yupi? Nicholas! Aliyepiganiwa na kupigania mapenzi yake miaka kumi.

Kijana wa Karatina

Niwape kitu cha Nyeri. May aliyeonyeshwa vyura ndiye nyanyake Queen Elizabeth. Na Elizabeth aligeuka malkia akiwa hapa hapa kwetu, hoteli ya Treetops, Februari 1952, babake alipofariki Uingereza. Kwa hivyo mjukuu wa aliyeolewa alipata kiti akiwa Nyeri, na mtoto wa aliyekosa kuolewa amezikwa Nyeri. Mwendo wa gari si mrefu hata.

Mama Ubani

Hilo sikuwahi kuliweka hivyo, Kijana. Na huyo baba yake Elizabeth alifia Sandringham, nyumba aliyofia Eddy.

Hélène bado alikuwa hai wakati mwanawe anafia mikononi mwa Waingereza. Alikuwa mtu wa safari huyo mama, Afrika hii aliitembea na kuiandikia kabla ya Vita ya Kwanza, na vita ilipokuja akawaongoza manesi wa Msalaba Mwekundu wa Italia. Amedeo alimwoza kwa binti wa dada yake mwenyewe, Anne wa Orléans, safari hii dini moja, ukoo mmoja, hakuna wa kubisha. Mtoto wa pili, Aimone, alitangazwa mfalme wa Croatia mwaka 1941 na hakukanyaga huko hata siku moja. Akafa mwaka 1948, mama yake akamfuata mwaka 1951. Na Margaret, yule aliyetajwa kwa ndugu wawili asichukuliwe na yeyote? Aliolewa na Friedrich Karl wa Hesse, na Oktoba 1918 Wafini, watu wa Finland, wakamchagua mumewe awe mfalme wao. Ujerumani ikashindwa vita, Desemba akajiuzulu bila kuvaa taji.

Vitunguu Mang'ola

Gari limepona, natoka sasa hivi. Swali la mwisho Mama: leo Eddy na Hélène wangeoana?

Mama Ubani

Kwa Uingereza, ndiyo. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kazi Machi 2015, imefuta hilo la kupoteza kiti kwa kuoa Mkatoliki. Eddy angemwoa na kiti angebaki nacho, na Hélène angebaki na rozari yake bila kwenda kumsumbua Papa. Ila mfalme mwenyewe bado hawezi kuwa Mkatoliki. Kwa hiyo wangefika kwenye watoto: wabatizwe wapi? Wakilelewa Kikatoliki hawarithi, wakilelewa Kianglikana babu yao wa Orléans anaanza upya ile hapana yake. Safari njema, na angalia breki mteremko wa kuingia Karatina.